Doa Linalohama

Mama amelala chali, goti la kulia limefungiwa ndani ya koili ngumu ya plastiki, masikio yamezibwa. Sisi tuko upande wa pili wa kioo. Mashine inagonga na kulia, na goti linakuja kwenye skrini kipande baada ya kipande, kana kwamba limekatwa mlalo kama muhogo: mfupa wa paja, gegedu, pia ya goti kwa mbele, mishipa kwa nyuma. Ndani ya mfupa, mahali ambapo hapapaswi kuwa na kitu, lipo doa jeupe la mviringo, ukubwa wa punje ya mtama.

Nikauliza hilo ni nini. Mteknolojia wa radiolojia hakunijibu papo hapo. Alivuta mstari kwa kipanya kutoka kwenye doa kurudi nyuma, na mstari ukaangukia sawasawa kwenye mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma ya goti. Akatazama tena. Mbele ya doa kulikuwa na doa jingine hafifu, na mbele ya hilo jingine hafifu zaidi, yote kwenye mstari mmoja, umbali kati yao ukilingana. "Ngoja tulihamishe," akasema. "Likihama, ni la mashine. Likibaki, ni la mama."

Akabadili kitu kimoja tu kwenye kompyuta, akamwambia mgonjwa kwa kipaza sauti, "Mama yangu, tunarudia moja, dakika tatu tu, mguu usitikisike," akaanza upya. Picha zilipokuja, mfupa ulikuwa safi. Madoa yalikuwa yamehamia ubavuni, kwenye nyama, kushoto na kulia kwa mshipa.

Nimekaa kwenye chumba kile siku kadhaa, kwa ruhusa ya hospitali na ya wagonjwa wenyewe, na hakuna kitendo kilichonivutia kuliko hicho. Wengi tunadhani kazi ya watu hawa ni kubonyeza kitufe, na kwamba picha ikitoka inang'aa basi imesema kweli. Nilichokiona ni mtu anayeihoji picha kama mzee wa baraza anavyomhoji shahidi: anauliza swali lilelile kwa njia nyingine, kisha anasikiliza kama jibu limebadilika.

Ili kuelewa alichobadili, inabidi kujua kwamba picha ya MRI haipigwi kama ya simu. Hakuna lenzi. Mwili umejaa maji na mafuta, na humo mna hidrojeni isiyohesabika. Sumaku ya chumba kile ina nguvu ya tesla 1.5, zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayogeuza dira ya nahodha. Ndani yake viini vya hidrojeni huyumba kama pia ya mtoto inayozunguka, takriban mara milioni 64 kwa sekunde. Mashine huvichokoza kwa mawimbi ya redio ya kasi hiyohiyo, hunyamaza, kisha husikiliza vikirudisha sauti. Shida ni kwamba vinajibu vyote kwa pamoja. Kwa upande mmoja wa picha, mashine huvitenganisha kwa kuvipa sauti tofauti, nene huku na nyembamba kule, na kuzisikiliza kwa milisekunde chache. Kwa upande wa pili hila hiyo haitoshi. Inabidi kukusanya mistari mia mbili au mia tatu, kila mmoja ukiwa na badiliko dogo kuliko uliotangulia, kisha kuilinganisha yote. Hapo ndipo dakika zinapokwenda.

Na hapo ndipo vivuli vinapoingia. Katika milisekunde chache goti halisogei, wala damu haiendi mbali. Katika dakika tatu moyo umepiga mara mia mbili na zaidi. Kila mstari unaukuta mshipa katika hali nyingine kidogo, hesabu inapotoka, na mshipa unaandikwa tena na tena kuelekea upande ule wa pili, na ule tu. Umbali kati ya kivuli na kivuli unatokana na mdundo wa moyo wa mgonjwa. Mteknolojia alichofanya ni kuzibadilisha pande mbili: uliokuwa wa sauti ukawa wa mistari, na wa mistari ukawa wa sauti. Vivuli havikuwa na hiari. Vililazimika kwenda vilikoelekezwa. Ugonjwa halisi ungebaki pale ulipo, kwa sababu ugonjwa unakaa mwilini, haukai kwenye hesabu.

Upande huo wa mistari una historia. Mwaka 1973 Paul Lauterbur wa Marekani alichapisha picha ya kwanza ya MRI, ya vijibomba viwili vya maji, na yeye pamoja na Peter Mansfield wa Uingereza walikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2003. Lakini anayekaa mbele ya skrini kila siku ana deni kubwa pia kwa kundi la John Mallard huko Aberdeen, Uskoti. Picha zao za mwanzo za watu ziliharibiwa na mwendo, pumzi tu ilitosha. Mwaka 1980 wakapata njia ya kukusanya mistari hatua kwa hatua iliyostahimili mwendo vizuri zaidi, na tarehe 28 Agosti mwaka huo wakampima mgonjwa wao wa kwanza kwa sumaku ya tesla 0.04. Njia hiyo, ikiwa imenolewa sana, ndiyo inayotumika kwenye mashine nyingi hadi leo. Tulipoirithi, tukarithi na tabia yake ya kumwaga vivuli upande mmoja.

Kulikuwa na jambo jingine lililonichukua muda. Nilidhani ule mstari mmoja unaokusanywa ni mstari mmoja wa picha, kama ukili mmoja kwenye mkeka: ukiharibika, umeharibika huo tu. Sivyo. Kila mstari unachangia picha nzima. Ni kama chumvi kwenye mchuzi. Ikizidi, huwezi kusema imezidi upande wa kushoto wa chungu. Cheche moja ndogo ya umeme chumbani, inayodumu chini ya kufumba jicho, inatosha kuijaza picha yote mistari kama kikoi. Mteknolojia akiona kikoi hagusi mipangilio ya kompyuta. Anakwenda kutafuta cheche: taa inayokaribia kuungua, skrubu iliyolegea, blanketi linalotoa umeme wakati wa hewa kavu.

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, huingiza chupa. Ni chombo cha plastiki chenye maji yaliyotiwa chumvi ya madini, kinafungwa kwenye koili kama kichwa cha mtu. Chupa haipumui, haina moyo, haiugui. Picha yake inapaswa kuwa duara lenye weupe ulio sawa kote. Siku moja kona ya chini ilitoka imefifia, kidogo sana; mimi nisingeiona hata kwa kuonyeshwa. Alitoa koili, akakagua plagi, akapuliza vumbi, akaichomeka tena mpaka ikalia. Duara likarudi. Ninafikiri mara kwa mara kuhusu kona ile. Kama angeanza kazi bila chupa, ni kisogo cha nani kingetoka kimefifia siku hiyo, na nani angeandika kwamba kisogo hicho kina tatizo?

Baada ya chupa huja watu, na watu wanasogea. Mwendo ndio adui mkubwa kuliko wote, na dawa yake kuu haimo kwenye kompyuta. Nilimwangalia akimpokea babu mmoja aliyekuja na maumivu ya kiuno. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu." Hakumharakisha. Alimweleza kwamba itapiga kelele kama watu wanaobomoa nyumba, kwamba kelele hizo hazimaanishi kuna kitu kimeharibika, kwamba tundu liko wazi pande zote mbili, na kwamba kidude cha mpira mkononi akikiminya atatolewa mara moja. Akamwekea mto chini ya magoti, kiuno kikakaa vizuri kitandani. Akamuuliza kama anataka kwenda haja kwanza. Mto ule na swali lile vilichukua dakika tano. Mwenzake wa zamu ya jioni aliniambia waziwazi kwamba alipokuwa mgeni kazini alikuwa akiziruka dakika hizo, na alikuwa akizilipa kwa kurudia picha nusu saa nzima.

Kisha vyuma. Hapa mteknolojia wa pwani anajua mambo ambayo kitabu cha ng'ambo hakikuyafikiria yote. Shungi hushikizwa kwa pini, na pini ya pili huwa imesahaulika chini ya kitambaa. Nywele za kuongeza zinaweza kuwa na klipu au uzi wa madini ndani. Kuna kope za kubandika zinazoshikwa kwa sumaku. Kuna wanja wenye chembe za chuma. Yeye huuliza kwa upole, mwanamke kwa mwanamke, pazia likiwa limefungwa, na huuliza mara mbili. Usalama ndio sababu ya kwanza, kwa sababu sumaku ile haizimwi usiku na huvuta chuma bila onyo. Lakini hata kipini kisichovutika huchimba shimo jeusi kwenye picha, lenye ukingo unaong'aa, na kuupinda uso wa mtu kana kwamba umechorwa kwenye maji yanayotikisika.

Chuma kingine hakitoki. Kijana aliyevunjika mgongo kwenye ajali ya bodaboda ana skrubu kwenye pingili, na daktari anataka kujua kama uti wa mgongo umebanwa palepale penye skrubu. Hapo nilimwona akibadili karibu kila kitu. Aliacha aina ya picha zinazoathirika haraka na chuma, akachukua zile zinazoyarudisha mawimbi kwenye mstari kabla ya kuyasikiliza. Akapanua masafa ya kusikilizia, ili upotofu ujikusanye mahali padogo. Ile njia ya kawaida ya kuzima weupe wa mafuta, inayotegemea sumaku iwe sawa kila mahali, akaiacha pia, kwa kuwa karibu na chuma sumaku haiko sawa. Akatumia nyingine inayoyatambua mafuta kwa jinsi yanavyorudia hali yake baada ya kuchokozwa. Picha ilitoka na chembechembe, haina mvuto hata kidogo. Lakini uti wa mgongo ulionekana, na nafasi kati yake na skrubu ilionekana.

Hakuna marekebisho ya bure, na nadhani hili ndilo linalotenganisha anayejua na anayebahatisha. Picha ikiwa na chembechembe, mtu anaweza kusema: rudia mara mbili, kisha changanya. Sawa, lakini ukizidisha muda mara mbili, ubora wa sauti juu ya kelele unaongezeka mara 1.4 tu. Mwingine atasema: tupunguze ukubwa wa kila nukta ya picha ili tuone vitu vidogo. Ukiipunguza nukta iwe nusu kwa urefu na nusu kwa upana, maji yaliyomo humo yamebaki robo, na sauti imebaki robo. Kuirudisha kwa kurudia peke yake, kazi ya dakika 4 inahitaji dakika 64. Nani atalala saa nzima bila kujikuna? Atasogea, na picha kali uliyoitaka itatoka na ukungu kuliko ile uliyoikataa. Hata ule ugeuzaji wa pande nilioupenda una gharama yake. Kwenye picha za goti kwa ubavu, vivuli ukivielekeza juu na chini, paja na muundi vilivyo nje ya fremu hujikunja na kuangukia ndani ya goti, kama vile kwenye picha ya kichwa pua inaweza kuibukia kisogoni. Inabidi kupima eneo kubwa zaidi ya unalolitaka na kulitupa la ziada, na muda unaongezeka. Siku nzima anapima hivi: dakika, nukta, sauti, na uvumilivu wa mtu aliyelala.

Hitilafu zinazoonekana kuwa hitilafu si za kutisha sana. Nilimwona akisimamisha kazi kwa sababu ya mstari wa vidoadoa uliokatiza picha kama mshono wa zipu; akainuka, akausukuma mlango wa chumba cha sumaku ambao haukuwa umebana, mstari ukatoweka. Chumba kile kimevikwa shaba ndani ya kuta ili redio na simu za mjini zisiingie, na ufa wa mlangoni ulitosha. Mtoto angeiona zipu ile na kujua kwamba haikuzaliwa mwilini.

Za kutisha ni zile zinazofanana na ugonjwa. Kano ya bega yenye afya hutoka nyeusi, kwa sababu maji yake yamefungwa kwenye nyuzi zilizopangwa sambamba. Lakini nyuzi hizo zikikaa kwa pembe ya takriban digrii 55 kutoka uelekeo wa sumaku, hung'aa, hata kama hazina jeraha lolote. Na kano ya juu ya bega hujipinda, kwa hiyo sehemu yake moja hupita kwenye pembe hiyo karibu kwa kila mtu, na sehemu hiyo iko jirani kabisa na mahali ambapo kano huchanika. Picha haina ukungu wala mstari wala chembechembe. Ni nzuri kabisa, na inasema kwamba mtu ameumia. Kumbe weupe huo unaonekana pale tu mashine inaposikiliza mapema. Mteknolojia huongeza picha moja yenye kusikiliza kwa kuchelewa. Weupe wa pembe hufa. Mchaniko uliojaa maji hubaki unang'aa. Ni doa linalohama lilelile, safari hii likihama kwa wakati badala ya mahali.

Vivyo hivyo uti wa mgongo unaweza kuonyesha uzi mweupe katikati, kama mfereji wa maji uliochimbika ndani yake, kumbe ni mwangwi wa ukingo mkali kati ya uti na maji yanayouzunguka, unaotokea nukta za picha zikiwa kubwa mno. Punguza nukta, uzi unabadilika upana na nafasi. Mfereji wa kweli haujali nukta zako.

Ningependa kusema pia kwamba ufundi huu haukai kwenye mashine ghali peke yake. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha palepale Mbarara mashine ndogo ya sumaku za kudumu, isiyohitaji heliamu ya kuipoza, kwa takriban siku 11. Nguvu yake ni takriban tesla 0.05, karibu sawa na ile ya Aberdeen. Lengo lilikuwa watoto wenye kichwa kikubwa kinachotokana na maji kujaa kwenye ubongo. Swali la daktari kwa mtoto kama huyo ni kubwa na la wazi: maji yako wapi, na ni kiasi gani? Picha yenye chembechembe inaweza kulijibu. Aliyezoea picha za tesla 3 anaweza kuikunjia uso. Mteknolojia niliyekaa naye alipoonyeshwa mfano wake kwenye simu aliitazama muda mrefu, kisha akauliza walivyoidhibiti kelele ya redio bila chumba cha shaba.

Siku yangu ya mwisho aliletwa mzee mmoja kwa kizunguzungu kilichoanza asubuhi. Kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, upande wa kushoto, doa jeupe. Nilikuwa nimejifunza vya kutosha kuvuta mstari kwa macho, na mstari ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye mshipa mkubwa unaopita nyuma ya sikio. Nikajisemea: kivuli. Yeye hakusema kitu. Akageuza pande, akarudia.

Doa lilibaki.

Akafungua picha zinazopima jinsi maji yanavyosogea kati ya seli. Humo pia doa liling'aa, lakini hakutosheka, kwa kuwa weupe humo unaweza kuwa wa kuazima, umevuja kutoka aina nyingine ya picha. Akafungua ramani ya namba inayotoka kwenye vipimo vilevile, ambamo weupe wa kuazima hubaki mweupe na maji yaliyonaswa ndani ya seli zinazokosa damu huwa meusi. Pale palipong'aa palikuwa peusi. Alikuwa ameshashika simu ya mezani. Alimwambia daktari bingwa wa radiolojia maneno machache: upande, mahali, kwamba amegeuza pande na doa halikuhama, kwamba ramani ni nyeusi, kwamba mgonjwa bado yuko kitandani.

Kisha akaingia chumbani, akakivuta kitanda nje, akamtoa mzee viziba masikio. "Vipi mwanangu," mzee akauliza, "mmeona nini?"

"Picha zimetoka vizuri, mzee wangu," akasema. "Usiinuke mwenyewe, nishike mkono hapa. Daktari anakuja sasa hivi kuongea na wewe."